Maji ya Mwezi wa Tisa

Ikutha

Kalondu mjukuu wangu, uliyebeba jina langu,

Habari ya huko kwenye barafu? Unakula? Ile sweta niliyokununulia soko la Kabati unaivaa, au umeiweka? Sisi tuko, Mungu anatushika. Goti la kushoto linauma, la kulia linalisaidia. Baba yako Kisilu yuko Emali na malori yake, anakusalimu. Mimi nasema, Zulekha wa duka la vitambaa anaandika. Nimemwambia asitie sukari.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Kwamba bahari ya huko inaganda, mwezi wa tatu barafu imetanda kuliko miezi yote, halafu inayeyuka ikirudi nyuma mpaka mwezi wa tisa, ndipo inabaki kidogo kabisa. Na nyinyi mnapima huo wa tisa kila mwaka, muone kama inapungua. Zulekha akasema mnapoteza wakati, barafu si mbuzi wa kuhesabiwa jioni. Nikamwambia anyamaze aandike. Hata hapa mwezi wa tisa ndio husema ukweli, maji ya mto yakiwa yamezama chini kabisa ya mchanga.

Na hiyo kazi uliianzia hapa. Mimi nateremsha kamba ya mkonge kwenye kisima cha mchangani mpaka iguse maji, naipima kwa mkono, kiwiko hadi kidole, wewe unaandika kwenye daftari. Ulipoenda mbali ukawa unaniuliza kwa simu.

Sasa unasema umechora mistari miwili, wa barafu na wa kisima cha susu, yaani mimi bibi yako, na mwezi ujao utawaonyesha wakubwa wako. Wa barafu unashuka. Wangu umetulia miaka mitatu, na utawaambia ule ukuta tuliojenga mtoni umeokoa maji.

Kaa chini, Kalondu. Nilikudanganya. Kila ulipouliza nilisema mikono mitatu. Mitatu, mitatu, mitatu, maji gani hayo yasiyosogea? Mwaka uliopanda meli kwenda huko barafuni ilikuwa mitano. Uliofuata, sita. Mwaka jana minane, jirani yangu Kanini akashuka kisimani kwa ngazi. Ukuta ulipasuka upande mmoja na mvua ilikuja ya kutuchungulia tu. Niliogopa utaacha barafu urudi kunibebea mitungi. Ningekufukuza kwa fimbo, lakini ungerudi. Nakujua.

Hiyo mitatu yangu ifute. Andika mitano, sita, minane. Ukisimama na uwongo wangu mbele ya watu watauita wako, maana jina ni moja. Na usirudi. Kanini ananichotea, na akina mama wa kikundi tumeanza kuziba ukuta.

Ya mwaka huu nimepima juzi, ni mikono tisa na nusu. Zulekha alishika kamba mwenyewe, hata kiatu kikalowa.

Wasalimie unaopima nao. Vaa sweta.

Ni mimi susu yako,
Kalondu wa kwanza

Alama ya kidole hapo juu, kando ya tisa na nusu, ni yangu.