Picha Moja Isiyo na Sura

Papa,

Jana jioni nilipanda tena mtaa wa Mutanga Sud, kule juu kilimani, pale ulipokuwa ukinipeleka na kamera yako tukalitazama ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Mvua ilikuwa imekatika, mwanga umekuwa mzuri mno, ule ule uliokuwa ukikufanya usahau chakula. Niliuchukia.

Hukupenda picha ya ziwa tupu. "We, tafuta kwanza kitu ya mbele," uliniambia. "Maji peke yake inachosha macho." Kitu cha mbele kilikuwa mimi siku zote. Ulinisimamisha pembeni, kamwe si katikati, ukaushusha mstari wa maji ili mawingu yapate nafasi, kisha ukangoja jua liguse mlima. Watu wanakimbilia nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje, sisi tunangoja wingu lisogee! Mama alikuita kichaa. Nami nilikuona kichaa, ila nilikupenda hivyo hivyo.

Siku moja ukanipa kamera, ukaenda kusimama wewe. "Pima mwanga ya kule juu," ukasema. "Mutu muache akuwe kivuli." Nikafanya ulivyonifunza. Anga likatoka na rangi zake zote, nawe ukatoka mweusi tii, mkono kiunoni, umeligeuzia jua mgongo. Uliisifu picha ile wiki nzima. Ukaitundika studio kwetu Buyenzi, wateja wakiuliza huyo ni nani unacheka tu.

Kisha asubuhi moja ukaenda Carama, pembeni mwa mji, kupiga picha za mashamba kabla umande haujakauka. Risasi zikalia huko. Hukurudi.

Picha za arusi yenu zilikuwa zimeungua na nyumba yetu ya zamani ya Cibitoke vita vilipoanza, na kitambulisho ulikuwa nacho mfukoni. Umepiga picha nusu ya mji, sisi tumebaki nawe katika ile moja. Mama aliibeba kifuani, tukaenda nayo kukutafuta hospitalini, kwenye vizuizi vya barabarani, kwa watu waliokimbia Carama. Askari mmoja aliigeuzageuza, wala hakuwa mkali.

"Mama, mi naona giza tu. Sura yake iko wapi?"

Mama akaichukua, akaifuta kwa kitenge, tukaondoka.

Nina hasira nawe, Papa. Ulijua mwanga wote wa mji huu, na hukuuacha ukuangukie usoni hata mara moja.

Studio naiendesha mimi sasa. Jioni wateja wananiomba twende ufukweni, wanataka ziwa nyuma yao na jua likizama. Nakataa. Nawageuza walikabili jua, ziwa libaki mgongoni kwangu. Wanakunja nyuso, wanalalamika, nyuma yao unaonekana ukuta na nguo zilizoanikwa. Picha mbaya, najua ungesema.

Lakini wakipotea, watatafutika.

Pumzika popote ulipolala, Papa.

Binti yako, yule wa kusimama mbele