Kidole Changu na Buti Zako

Bunia, Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Amani ya Bwana ikukute mzima hapo Butembo. Mgongo unaendeleaje? Na maharage ya kule mlimani, mvua hii imeyaacha? Sisi huku tunapumua. Barua hii nimempa ndugu yangu Kambale, aliyepita hapa na mzigo wake wa vitunguu, akuwekee mkononi, kwa sababu kila nikitaja kidole kwenye simu, mtandao wa Butembo unakatika. Nikiuliza bei ya viazi, unarudi. Basi leo nisikilize mpaka mwisho.

Kidole changu kidogo cha mguu wa kushoto kilianza mwaka jana kujifunga chenyewe. Shinani palitokea mstari, kama mtu amekizungushia uzi akaukaza. Nilidhani ni ufa wa kandambili. Nikapaka mafuta, nikaendelea kukaanga mandazi yangu sokoni. Mstari ukazidi kuzama, na mbele yake kidole kikavimba.

Ikafika siku ya kuoshana miguu kanisani, kabla ya Meza ya Bwana. Unajua wanawake tunavyokaa wawili wawili, kila mmoja na mwenzake. Mimi niliangukia kwa mke wa shemasi. Akauingiza mguu wangu ndani ya beseni, akaugeuza, akautazama, kisha akaurudisha chini polepole na kwenda kunawa kwa sabuni.

"Mama Neema," akasema mbele ya wote, "weye iko na ukoma, na unatupikiaka mandazi?"

Kesho yake soko zima lilikuwa linajua. Mandazi yakalala. Kwenye kwaya wakaniambia nipumzike kwanza. Wengine wakasema Baba Neema ameuza kidole changu huko Mongbwalu anakochimba, ili apate dhahabu. Kama aliuza, mbona bati la jikoni bado linavuja? Niliudhika mpaka chakula kikanishinda.

Nikaenda hospitali. Daktari aliushika mguu wangu kwa mikono mitupu, na kwa hilo tu nilitaka kulia.

"Mama, hii hapana ukoma," akasema. "Hii maladi inaitwa ainhum. Haiambukize mutu. Ngozi inajikaza pole pole, damu inashindwa kupita, ku mwisho kidole inajikata yenyewe. Ungekuja mbele, wakati ilianza tu, pengine tungekata tu ile kamba, kidole ingebakia." Kisha akauliza, "Mu famille yenu, kuko mwenye alipoteza kidole hivi?"

Nikamjibu hapana. Nilikuwa nimeshatoka mlangoni nilipokumbuka buti zako.

Buti za mpira, Mama, hata jua linapopasua udongo. Ulituambia jembe lilikuchukua kidole kabla hatujazaliwa, na kovu lake hatukuliona hata siku moja, kwa kuwa miguu uliiosha peke yako, mlango umefungwa. Na kila ilipofika siku ya kuoshana miguu, kichwa kilikuuma. Mimi ndiye niliyekuchemshia majani ya kichwa. Nina hasira, sikufichi. Sikasiriki kwa kuwa uliugua, nani angekulaumu kwa hilo? Nakasirika kwa kuwa ulinyamaza, na mimi nikapaka mafuta hadi nikachelewa.

Kidole kimetolewa, kidonda kimefunga. Maneno ya daktari niliyaeleza kanisani. Mke wa shemasi akatikisa kichwa kuitikia, lakini mandazi hanunui. Hayo nitayazoea. Nisiloweza kulizoea ni Neema. Kila asubuhi kabla ya shule anakaa kizingitini, anavua soksi na kupanua vidole vyake kutafuta mstari.

Juzi akaniuliza, "Mama, mwenye iko na hii maladi, anakufaka?"

Nikasema hapana.

"Ni nani uliona hakufa?"

Jibu liko Butembo linapalilia maharage.

Kwa hiyo njoo. Kambale akirudi huku na vitunguu, panda naye. Ukiweza, twende wote kanisani siku ya kuoshana miguu. Beseni nitalishika mimi, na mke wa shemasi nitamweka mbele aone vizuri. Usipoweza, sitakulazimisha. Kaa jikoni kwangu na Neema tu, inatosha.

Nisalimie baba mdogo na mbuzi wake wasiosikia, shangazi wa kinu cha unga, na dada mkubwa aliyenifundisha kukaanga. Mwambie moto wa makaa bado unanionea.

Vaa buti zako, barabara ni matope matupu. Neema ndiye anayewavua wageni viatu hapa kwetu. Nimeshamwambia kwamba nyanya yake anakuja, na kwamba ana mguu wa kumwonyesha.

Binti yako, anayekupenda hata akikasirika,

Kavira