Zahanati ya Ng'ambo

Jumatatu, 4 Agosti
Tunachimba msingi tangu asubuhi. Baridi ya huku Mlima Elgon inauma hata ukiwa na jembe mkononi. Wa kujitolea tuko saba, wengine wote wa Kitale. Mimi peke yangu natoka Misikhu. Zahanati ya Waogiek, wenyeji wa msitu huu, itakaa hapa kando ya barabara. Wafula, kiongozi wetu, anapapenda: gari la wageni litafika mlangoni. Waogiek wenyewe wanaishi ng'ambo ya mto. Nikamuuliza watavukaje mvua ikinyesha. Akaniambia nichimbe.

Jumatano, 6 Agosti
Mvua kutwa jana. Mto umefura, daraja la magogo limezama. Mchana tuliona watu ng'ambo wakileta mwanamke kwenye blanketi. Uchungu wa kuzaa. Walifika ukingoni wakakwama. Tulisimama huku na majembe yetu, tukitazama. Baadaye vilio.

Mtoto amekufa. Mama yuko hai.

Nina hasira. Siandiki zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti
Maji yamepungua. Nimevuka kutoa pole. Aliyefiwa anaitwa Chemtai. Mamake hakulia mbele yangu. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kiwanja kilichofyekwa, katikati ya nyumba zao.

"Hapa ndio tulisema ijengwe. Huyo Wafula akakataa. Ati gari haifiki."

Hatukuambiwa. Hata mmoja wetu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwambia Wafula mbele ya wote kwamba sichimbi tena hapa.

"Wewe ni mwalimu wa nasari, bana. Mambo ya ujenzi utaniambia nini?"

"Si ujenzi. Ni mto."

Akasema mabati na mbao ni mali ya grupu. Nikasema vililetwa kwa ajili ya Waogiek, na nitavivusha mwenyewe. Nikaliweka jembe chini.

Jumapili, 10 Agosti
Mama Chemtai amekuja na wanawake wa kwao, wengi. Kila mmoja akajitwika bati letu kichwani. Wafula akasimama mbele ya mbao, mikono kiunoni.

"Baba, songa," Mama Chemtai akamwambia. Kwa upole kabisa.

Akasonga.

Wenzangu wawili wakachukua mbao wakatufuata. Wengine wamerudi Kitale naye. Waende.

Ijumaa, 15 Agosti
Kuta zimesimama. Za mbao, zimepinda kidogo upande wa juu, kosa langu. Wanaume wa hapa wanaezeka. Kucha zangu mbili zimekufa kwa nyundo. Mto umefura tena tangu juzi. Safari hii tuko upande wenye watu.

Wafula amepiga simu. Ati nimemwaibisha kwa wafadhili. Nikamwambia aje awaonyeshe wageni ule msingi wake. Nikakata.

Chemtai alitoka nje leo mara ya kwanza. Alikaa akatutazama tukipiga misumari.

Jumamosi, 23 Agosti
Nyumbani, Misikhu. Paa limeisha, mlango bado. Muuguzi mmoja amekubali kulala hukohuko siku za mvua.

Nimetolewa kwenye grupu ya WhatsApp. Hakuna aliyeniaga.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Mama ameniuliza kama nitarudi mlimani. Nimesema Desemba. Hakubisha. Amenisogezea kiti, tukapukuchua mahindi hadi gunia likajaa.