Godoro la Mwalimu Skolastika

Shamima, nimechoka kumuuguza mama hata vidole havitaki kuandika, lakini hili lazima nikwambie.

Unamjua Mwalimu Skolastika, yule Mkristo wa Kigoma aliyepanga nyumba ya pili? Asubuhi kaja na godoro kichwani. Godoro lake la kulalia, Shamima!

Kasema, "La mama limeshakuwa gumu, ndiyo maana vidonda vya mgongo havifungi."

Nami kwa uchovu wa kuuguza nikamfokea, "Nani kakwambia sisi ombaomba?" Wallahi nilisema hivyo. Ombaomba!

Hakukasirika. "Rahila, tumo kwenye Kwaresma. Nilimuuliza Mungu nimtolee nini, akanionesha mgongo wa mama yako."

"Na wewe utalala wapi?"

"Mkekani. Yesu hakunipa mabaki."

Nikalipokea godoro. Tukamnyanyua mama, tukamlaza juu yake. Mama akashusha pumzi, pumzi ndefu ambayo sijaisikia tangu augue.

Skolastika akanitazama usoni. "Sasa nenda kalale. Leo Jumamosi, sina darasa. Nitamgeuza mimi."

Nimeamka sasa hivi, alasiri imeshaadhiniwa. Bado yupo kando ya kitanda, anasinzia hivyohivyo kakaa. Sijui nimwamshe nimwambie nini.