Gari ya Sefu Haijatoka Getini

Sefu, mpwa wangu,

Sikia kutoka kwangu kabla hujasikia kwa wengine: hapa Kigali hakuna injini inayothubutu kuugua bila ruhusa ya anko wako Kasimu. Wale madereva wa Kiyovu wanaobeba mabalozi, wakifika mtaani Gitega kwenye meza yangu ya spea, wanashusha kioo na kuniomba nisikilize tu. Nasikiliza, nawatajia ugonjwa. Juzi mmoja alitaka balozi wake anipeleke Ulaya. Nilikataa. Nani angebaki na gari yako?

Gari yako iko nzima. Nimetanguliza hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya mama yako, na usibishe, sha.

Leo ilikuwa umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Nimefyeka mtaro pamoja na mudugudu, yaani mtaa, mzima wa Niboye, yaani nimefyeka mimi, wenzangu waliegemea majembe wakinitazama. Halafu, barabara zikiwa bado zimefungwa kwa ajili hiyo, nikaja hapa uani kwa dada yangu na viatu vyangu vya tope, kama tulivyozoea mimi na wewe. Chai ya tangawizi nimeiweka juu ya ndoo. Siyo juu ya boneti. Nakumbuka. Maishani ulinifokea mara moja tu, na ilikuwa kwa sababu ya kikombe juu ya boneti.

Umuganda uliopita sikuweza hata kuvuta turubai la gari. Nililishika upindo, nikaliachia, nikaenda zangu.

Leo nimelivuta. Nikaiwasha kidogo ipate joto, nikamwaga oili. Ilishuka nyeusi kwenye beseni, na hapo, Sefu, nikaziona kucha zako.

Hili sijamwambia mtu. Siku ile tulipokuosha, mwoshaji alishika mkono wako akaanza kusugua chini ya kucha, maana kulikuwa na weusi. Ilikuwa oili ya Jumamosi. Jumamosi uko chini ya gari unaimba vibaya, Jumatatu moyo wako unazimika kazini, bila hata kukohoa. Anasugua, haitoki. Nikamshika mkono. Nikamwambia, sheikh, iache, huo siyo uchafu. Akanitazama kidogo, akasema maji yamefika, inatosha. Ukaenda nayo. Nilikuwa nimefika hapo bila kulia, mimi simba wa Gitega. Nilipoiona ile oili inaingia kwenye sanda pamoja na wewe...

Basi. Tuendelee na kazi.

Plagi za gari hii ni adhabu. Injini imelala ubavu, plagi zimejificha pembeni, mkono hauingii mpaka utoe betri na boksi la filta. Unakumbuka mimi nilikuwa napima mwanya wa plagi kwa ukucha? Nilikuambia fundi wa kweli kipimo chake ni mwili wake. Wewe hukubisha hata siku moja. Nikigeuka kuchukua chai, unatoa kile kipimo chako chembamba mfukoni, unapima upya, unarekebisha, kimya. Nilikuwa nakuona kwenye kioo cha dirisha la jikoni.

Leo nimepima kwa kipimo chako. Nilikosea sana, yaani ukucha wangu ni muongo kuliko mimi.

Filta ya hewa nimebadilisha, oili mpya nimejaza, betri nimerudisha. Nikawasha. Ikaanza kupiga kwa kuchechemea, pu-pu, pu. Kabla sijafungua boneti mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kasimu! Mbona inakohoa? Ya mtoto wangu haikohoi."

Kumbe waya mmoja wa plagi sikuusukuma mpaka mwisho. Ulikuwa unasema, "Anko, usiamini mkono, ngoja mpaka iseme kwap." Nikasukuma. Ikasema kwap. Nikawasha tena, na Sefu, ikanguruma. Ile sauti yako yenyewe, ya chini, inayotikisa masufuria. Mama yako akakaa kwenye ngazi na mwiko wake, kitenge mdomoni. Hakulia. Alifumba macho tu, akasikiliza kama mtu anayesomewa jambo.

Halafu nje zikapita moto za kwanza, zile pikipiki za abiria, barabara zimefunguliwa. Akasema, "Kaka yangu, itoe. Ifikishe barabara kubwa, uirudishe. Nataka niisikie ikiingia getini. Mara moja tu, nijue ilivyokuwa."

Unajua alimaanisha nini. Wewe ulikuwa unaingia getini na lile turbo linapiga pshhh, yeye anakutukana kutoka jikoni, anakuambia utamuua kwa presha, na huku anapakua. Kumbe kwake hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

Nikamwambia asiransi, bima ya gari, imekwisha, polisi watatukamata. Akasema haya. Akarudi ndani. Nilimsikia anaosha sahani iliyokuwa safi.

Naandika hii ndani ya gari, kwenye kiti changu cha abiria. Injini bado inawaka. "Usiizime mara moja, Anko, turbo lina moto, iache ipumue." Naiacha ipumue. Kiti chako hakina mtu. Nimeweka kitambaa chako cha grisi hapo, kikushikie nafasi.

Kila umuganda, saa ya kutoka, ulinirushia ufunguo: "Leo wewe, Anko." Na mimi nikakurudishia. Nikasema mtu aliyeteremsha lori mlima wa Kanyinya bila breki, mkono mmoja usukani, mwingine muhindi wa kuchoma, hachezei vitu vidogo. Ukacheka kwa pua, ukaingia. Sasa ufunguo hakuna wa kumrudishia.

Pumzika, mwanangu. Mungu akupanulie kaburi, na oili yako isikuchafue huko. Nakuahidi hivi: mama yako ataisikia ikiingia getini. Siyo wiki hii. Lakini ataisikia, na pshhh yake, na atatukana. Nimeshaongea na yule mwalimu wa Gitega anayefundisha vijana, ameniuliza mwanafunzi ni nani, nikamwambia ni mpwa wangu.

Kwa sababu asiransi haijaisha, Sefu. Na lile lori la Kanyinya mimi nilikuwa utingo, kazi yangu ilikuwa kuruka na jiwe la kuzuia tairi. Nadhani ulijua, kama ulivyojua kuhusu ukucha, ukanyamaza vilevile.

Anko wako hajui kuendesha gari.