Wifi Si Kuku wa Kukamatwa

Jumapili, Novemba

Mpaka sasa nina hasira na Mama Pendo, mwenzangu wa kanisani. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwambia twende wote Ijumbi kwa wifi.

Tangu wifi amzike mwanae, miaka mitatu sasa, hataki habari za kanisa. Mimi naenda tu. Tunalima, tunapika, narudi zangu Muleba. Leo tumekaa tunanyonyoa mabawa ya senene, panzi wetu wa msimu, akauliza bila kuniangalia, "Wifi, huyo Yesu wako anajua mwanangu alipo?"

Miaka mitatu nangoja aulize! Kabla sijafungua mdomo, Mama Pendo huyo kasimama, mkono juu. "Dada, okoka leo, kesho si yako! Fuatisha maneno yangu!"

Wifi akasema ndizi zinaungua, akaingia jikoni. Ndizi zenyewe hata hatujazimenya.

Njiani Mama Pendo ananilaumu mimi. "Waitu, ndugu yangu, umelegea sana. Leo tungemkamata."

"Kumkamata? Ni kuku?"

Akanuna mpaka Muleba. Na anune.

Lakini na mimi... Si mimi ndiye niliyemwambia wifi ni mapenzi ya Mungu, mwili wa mtoto hata haujatolewa ndani kwenda kuzikwa? Wifi alinivumilia na mdomo wangu huu, na Mungu pia.

Leo wakati wa kuagana wifi alinishika mkono. "Jumapili ijayo uje peke yako."

Nitaenda. Akiuliza nitajibu, asipouliza tutapika. Mungu, saa ni yako, sitamsukuma. Ila wifi anazidi kukonda, naogopa. Usikawie sana, Baba.