Mafuta Yaliyoganda

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la mbolea.
Jumapili, 12 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Hujambo, mama yangu wa pili? Mgongo unaendeleaje? Na lile jino, umeling'oa au bado mnatishana? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo mashavuni, na ninapendwa. Swali lako la kama nitarudi nyumbani nitalijibu mwishoni, nisije nikalowesha karatasi mapema.

Shangazi, mume wangu ni asali. Asubuhi hunifunika miguu kwa koti lake kabla hajatoka. Majirani wamembandika jina la Bwana Shubiri kwa ajili ya mafuta ya mbegu za mwarobaini anayokamua, na kweli ananuka kama kitunguu saumu kilicholala na kiberiti. Ni salfa iliyomo ndani ya mafuta hayo. Mimi nimeizoea harufu hiyo hata mto ukifuliwa nakosa usingizi.

Tabu ni kwamba kazi yake iko mashambani. Huwafundisha wakulima kunyunyizia mboga mafuta hayo, akienda hakai chini ya siku tatu. Hapo nabaki na kuta, na kila ufa nimeshaujua. Majirani ni watu wema, lakini hupita mlangoni kwangu wameziba pua, na aliyeziba pua hasalimii.

Sasa usinicheke. Huku kuna baridi kali. Miezi miwili iliyopita aliniachia dumu la mafuta ya mkulima mmoja wa kabichi. Kulipokucha nikakuta mafuta yameganda kama samli. Nikajua nimeyaharibu kwa kuyalaza sakafuni, basi nikayachemsha mpaka yakafuka moshi. Ngazi nzima ilikohoa. Fundi cherehani wa chumba cha pili akasimama uani akapaza sauti, "Bi harusi, unapika nini, betri?"

Watu wakacheka. Nilifunga dirisha nikalia, maana wiki ile hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi niliyosemeshwa na mtu.

Mume wangu aliporudi hakunigombeza. Tulikaa kwenye mkeka akanieleza. Mafuta yale yana asidi za mafuta za aina nyingi, na zile nzito huwahi kuganda. Hayajaharibika. Ukiyaanika juani, au ukisimamisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yanarudi yalivyokuwa. Moto ndio adui, kwa sababu kile kichungu kinachomkatisha mdudu hamu ya kula na kumzuia asikue, wanakiita azadiraktini, huvunjika kwa joto kali. Nilikuwa nimeiua dawa, nikabaki na mafuta matupu.

Mkulima alipewa dumu jingine, na yale yangu tukayafanya sabuni. Yeye aliyeyusha kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, kwenye maji, mimi nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Alisema kostiki ikikutana na mafuta, kila kimoja huacha ukali wake, kikazaliwa kitu cha tatu. Alisema hivyo akinitazama mimi, si ndoo. Shangazi, niliona haya kama sijaolewa.

Sabuni ilipokauka nikawapelekea majirani vipande kuomba radhi. Fundi cherehani alinusa, akakunja uso, akapokea. Jana alibisha hodi. Hajawahi mtu mwingine kugonga mlango huu ila mume wangu. Alitaka kipande kingine, eti kinamtoa oili ya mashine vidoleni kuliko sabuni ya dukani. Nilishavuta kiti akae. Akasema ana nguo ya mtu, akaenda zake. Lakini hakuziba pua.

Leo mume wangu ameondoka tena, na mvua inanyesha.

Uliniambia nikishindwa nirudi, mlango wako hauna kufuli. Nimeufikiria mlango huo kuliko ninavyotaka mume wangu ajue. Ila sirudi, Shangazi. Nimeganda tu, sijaharibika.

Nina ombi moja. Mwarobaini ulio nyuma ya jiko lako ukidondosha, niokotee mbegu konzi moja, uzifunge kwenye kitambaa. Najua magunia ya mbegu yamejaa chini ya kitanda chetu, lakini mbegu hizo hazinijui.

Msalimie Babu, na mdogo wangu mwambie vile viatu nilivyoviacha avivae tu. Mungu akulinde, mgongo na jino pamoja.

Ni mimi mwanao wa kulea, nikupendaye hata huku kwenye baridi,

Kiherehere wako